Saa Sita na Dakika Arobaini na Tisa

Katika droo ya chini ya meza ya fundi saa kulikuwa na saa moja ya mkono ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Nyingine zote zilizolala mle kibandani zilikuwa na sababu ya kulala: hii imeingia maji, ile imevunjika kioo, ile nyingine mwenyewe aliileta akaisahau kama mwavuli. Hii moja ilikuwa nzima. Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la mbele, fundi aliitoa kwenye kitambaa chake, akaitia ufunguo, akailinganisha na saa kubwa ya ukutani, akairudisha gizani. Kwa wiki nzima ilikuwa inapoteza sekunde nne tu. Saa ya zamani, ya kutia ufunguo, sekunde nne kwa wiki! Ingekuwa ya mteja mwingine angemwita aje aishangae. Lakini mwenye saa hii alikuwa dada yake wa tumbo moja, na dada yake alikuwa ameambiwa kwamba saa yake ni mbovu. Aliyemwambia ni fundi huyu huyu.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu najua mtamchukia kabla hatujafika mbali, na mimi mwenyewe nilipoanza kusimulia habari hii nilitaka kumzaba kofi.

Alikuwa mtu wa dakika. Ukimwambia njoo saa nne, saa nne kasoro moja yuko mlangoni anakohoa. Ndiyo maana klabu ya riadha ya mjini kwao ilimpa kazi ya kutunza muda katika marathoni yake ya kila mwaka, kilomita arobaini na mbili na ushei, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka daftari lake. Mwenyewe alikimbia kilomita kumi za Jumamosi, si wa kwanza si wa mwisho. Ila ukimsikia anavyoongea habari za pumzi na mapaja, ungedhani amezaliwa akikimbia na mkunga akamkamatia kona.

Katika klabu ile kulikuwa na watu, halafu kulikuwa na watembeaji. Anayekimbia, hata akikimbia kwa kujikokota, alikuwa mtu. Anayetembea aliitwa mkagua barabara. Alipewa namba ya kifuani kama wengine na maji kama wengine, lakini mpiga picha wa klabu alikuwa na tabia ya kukumbuka kubadilisha betri kila mkagua barabara anapokaribia.

Na kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Tangazo la mbio lilisema mstari wa kumalizia utakuwa wazi kwa saa saba. Lakini muda ukifika saa tano, mtunza muda alipanda pikipiki ya klabu, akarudi nyuma kuwatazama waliobaki njiani, na kila aliyekutwa anatembea aliandikwa "ameacha". Mkimbiaji aliyefikia kutembea, walisema, huyo amekwisha, atapanda gari sasa hivi. Kwa mkimbiaji ilikuwa kweli mara nyingi. Orodha ikishajaa, lango linang'olewa, meza zinakunjwa, watu wanakwenda kula. Hakuna aliyejiuliza habari za mtu aliyetembea tangu hatua ya kwanza.

Dada yake fundi alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mitaa miwili kutoka kibandani. Miaka ishirini na saba alikuwa amesimama upande ule ule wa meza ile ile, mvuke usoni, hadi miguu ikaanza kuvimba jioni kama mikate. Daktari akamwambia atembee. Akatembea. Alianza kwa kwenda kazini na kurudi, kisha kuzunguka uwanja wa shule, kisha Jumapili hadi kwenye matangi ya maji nje ya mji. Siku moja akaingia kibandani kwa mdogo wake, hata kiti hakutaka.

"Mdogo wangu, hizo mbio zenu, lazima mtu akimbie?"

"Si lazima, Dada. Ilimradi ufike ndani ya masaa saba."

"Basi niandikishe."

"Dada, ni kilomita arobaini na mbili."

"Nimekuuliza ni ngapi?"

Akamwandikisha. Lakini hakumwambia mtu yeyote klabuni kwamba yule ni dada yake. Alijisemea kuwa hakuna aliyeuliza.

Mbio zilianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, na hilo lilikuwa jambo la raha kwa kila aliyevaa saa, maana hakuhitaji hesabu: saa ya mkononi ikionyesha saa mbili, umekwenda saa mbili, ikionyesha saa tano, saa tano. Dada alivaa saa ya marehemu mama yao, ile ya kutia ufunguo, iliyosafishwa na fundi mwenyewe wiki moja kabla.

Saa tano juu ya alama fundi akapanda pikipiki. Alimkuta dada yake kwenye kilomita ya thelathini na moja. Alikuwa anatembea kwa mwendo wake wa siku zote, mgongo umenyooka, mikono inakata upepo, kama mtu anayewahi kabla duka halijafungwa. Hakuwa amechoka. Hili fundi aliliona wazi, wala hawezi kulikana.

"Huyu naye anakwenda wapi, sokoni?" akasema dereva wa pikipiki.

Fundi akacheka. Kicheko kile anakikumbuka kuliko vyote, kwa sababu kilitoka chenyewe, hakukisukuma.

Dada akainua mkono. Alidhani mdogo wake amekuja kumtazama anaendeleaje. "Nakuja!" akapaza sauti, uso umejaa furaha.

"Unamjua?" dereva akauliza.

"Namwona-mwona tu mtaani," fundi akasema, akafungua daftari, na mbele ya namba ya dada yake akaandika: ameacha.

Mkimbiaji wa mwisho alivuka mstari saa sita na dakika kumi na mbili. Mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la rangi, mtu mnene wa sauti na mwepesi wa miguu, akaja akipangusa jasho. "Fundi, tumekamilika?"

Fundi akaitazama barabara. Ilikuwa tupu hadi kwenye kona. Neno moja tu lilitakiwa: subirini. Lakini kumwambia Mwenyekiti subirini kungeleta swali la "nani?", na hilo lingeleta jibu la "dada yangu", na hapo dereva wa pikipiki alikuwa ameegemea meza anasikiliza.

"Tumekamilika," akasema.

Jioni ile dada alifika nyumbani kwa mdogo wake, chumvi ya jasho imemkauka usoni, viatu mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa mlango umehamishwa.

"Mdogo wangu, mbona sikuwakuta? Nimekuta mstari wa chaki na mama mmoja anafagia vikombe. Akaniambia, wameshaondoka. Nikaangalia saa: sita na dakika arobaini na tisa. Si mlisema hadi saa saba?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusema. Fundi akanyoosha mkono. "Hebu niione hiyo saa."

Akaifungua kifuniko cha nyuma pale pale mezani, akabandika kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akainama muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini mle ndani. Labda uso wake. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Saa yako inachelewa, Dada. Iko nyuma dakika ishirini nzima. Ulifika baada ya saa saba."

"Ah," dada akasema.

Hakubisha. Nani abishane na fundi kuhusu saa? Akakaa kitini, akacheka kidogo, akasema, "Na mimi nilivyokuwa najitapa njiani! Kumbe nimechelewa, wala sijui." Fundi akamwambia ataitengeneza, akampa nyingine ya betri kutoka dukani. Ile ya mama ikaingia droo ya chini, na huko ikaendelea kusema ukweli peke yake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa na urefu wa mwaka, na aliitembea yote. Alipokwenda kuchukua mashati yake kwa dobi, alimsikia dada akiwahadithia wateja: "Nilichelewa bwana! Saa ya mama iliniponza." Wakacheka wote. Roho ilikuwa inamsuta hadi akawa anamtuma mkewe kuchukua nguo. Dada akaacha kutembea. Si kwa kununa. Alisema tu wale watu wana shughuli zao, haifai mtu mzima kuwachelewesha. Viatu vyake akampa mfanyakazi mwenzake. Miguu ikarudi kuvimba. Fundi alipoiona, imejaa juu ya kandambili, alishindwa kula siku mbili.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa la zamani kabisa. Alipokuwa na miaka sita alikuwa mzito wa kutembea. Kila jiwe lazima aliokote, kila paka lazima amsalimie. Dada yake, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyempeleka shule. Alitangulia hadi kwenye kona ya ukuta wa posta, akasimama, akangoja. "Njoo taratibu, nakungoja," alikuwa akisema. Kengele ilikuwa inalia wangali njiani, na aliyechapwa kwa kuchelewa alikuwa dada, maana yeye ndiye mkubwa. Alichapwa mihula mitatu. Hata siku moja hakumwacha nyuma akaenda zake.

Mwaka ukazunguka. Miezi mitatu kabla ya mbio mpya, klabu ikakutana katika ghala la Mwenyekiti, katikati ya makopo ya rangi. Mwenyekiti alikuwa na pendekezo.

"Jamani, tusidanganyane. Saa saba ni za nini? Polisi wanalalamika barabara imefungwa, sisi wenyewe njaa inatuuma, na hakuna anayefika. Sisemi kwa chuki. Fundi, tusomee daftari: mwaka jana, baada ya saa sita na dakika kumi na mbili, walifika wangapi?"

Fundi akafungua daftari ingawa alilijua kwa moyo. "Hakuna," akasema.

"Mmesikia? Na daftari la Fundi halikosei. Napendekeza tufunge saa tano na nusu. Wakagua barabara wakakague siku nyingine."

Watu wakacheka. Wakakubaliana kura ipigwe wiki ijayo. Fundi alibaki ameinamia ule ukurasa. Neno lake moja, aliloliandika juu ya pikipiki ili asichekwe, sasa lilikuwa linakwenda kufunga barabara kwa kila mtu mwenye miguu kama ya dada yake. Akaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Kesho yake asubuhi akaitoa saa kwenye droo, akaitia ufunguo, akaenda nayo kwa dobi.

Dada alikuwa ametandaza shati jeupe. Fundi akaiweka saa kwenye pembe ya meza, mbali na mvuke.

"He! Imepona?" dada akauliza.

"Haikuwa mgonjwa."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi mwanzo, akaomba radhi kabla dada hajajua anaombwa radhi ya nini. Lakini alisema yote: pikipiki, kicheko, daftari, kile kioo jichoni. Alipofika kwenye "namwona-mwona tu mtaani" aliitazama saa, akalisema.

Dada hakusimamisha pasi. Alimaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akageuza kola, akalitundika shati, akalifunga kifungo cha juu. Ndipo akaisimamisha pasi wima, akaichukua saa, akaisogeza sikioni.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikiisema vibaya saa ya mama."

"Nisamehe, Dada."

"Subiri kwanza. Nijibu swali. Ningekuwa nakimbia, siku ile, ungenijua?"

Fundi akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa ndiyo, na ndiyo maana hakuweza kulitoa.

"Basi," dada akasema. "Nimeshaelewa."

"Nitawaambia wakuletee medali. Muda wako nitauandika leo leo."

"Medali ya kuletewa mimi siitaki. Mimi sikuagiza mboga. Wewe nenda kwenye hicho kikao chenu, ukawaambie. Na usiseme ulikosea, mdogo wangu. Kukosea ni kitu kingine. Waambie ulichofanya."

Akavuta shati jingine. Fundi alipofika mlangoni akamsikia akimwuliza yule mwenzake, "Vile viatu vyangu bado unavyo, au umeshavimaliza?"

Kikaoni alisimama kabla ya kura, akasema aliyotumwa kusema, bila kupunguza. Hakuna aliyecheka. Dereva wa pikipiki alikuwa anaangalia makopo ya rangi kama mtu anayetaka kununua. Mwenyekiti akasema mwaka huu saa saba zitabaki saa saba, na kwamba kuanzia sasa hakuna kuandika mtu kabla ya kumuuliza. Kisha, kwa upole uliouma kuliko matusi, akamwomba fundi aikabidhi saa ya klabu na daftari kwa mtu mwingine. Fundi akavikabidhi, akajiandikisha kwenye mbio za mwaka huo. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika muda unaotarajia. Akaandika: natembea.

Alidhani ni jambo dogo. Mtu wa kilomita kumi za Jumamosi, kutembea kutamshinda? Saa kumi na mbili kamili wakaondoka yeye na dada yake bega kwa bega, wakimbiaji wanapita kando kama maji. Kwa kilomita saba alikuwa anaongea. Kwa kilomita nne zaidi alikuwa anaitikia. Kwenye ya kumi na mbili dada alisema, "Mimi mwendo wangu ndio huu," akaenda zake. Hakugeuka. Fundi akauona ule mgongo ulionyooka ukipungua, ukapungua, ukapotea kwenye kona.

Kutembea hakuna pa kujificha. Mkimbiaji akichoka, huwa anatembea; mtembeaji akichoka, afanye nini? Kisigino kilichubuka, kikatoka lengelenge, likapasuka. Kwenye meza za maji walikuwa wameanza kufungasha. Mmoja alimpa kikombe huku anatazama pembeni, na fundi akautambua ule mtazamo, maana ulikuwa wake. Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri.

Kwenye kilomita ya thelathini pikipiki ikaja. Dereva ni yule yule, nyuma amekaa mtunza muda mpya, kijitabu mkononi.

"Fundi," akauliza kwa huruma, "umeacha?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Neno lile, lililokuwa jepesi vile kwenye kalamu, lilimpiga kifuani. Midomo ilikuwa imekauka. "Sijaacha," akasema. "Natembea."

"Sawa," mtunza muda akasema, akafunga kijitabu bila kuandika kitu. Dereva akaondoa pikipiki.

Kilomita kumi na mbili za mwisho alizitembea na saa yake mkononi ikimzomea. Alikuwa anajua hesabu kuliko mtu yeyote barabarani. Saa sita na nusu alijua. Saa sita na dakika hamsini alijua kabisa. Alijaribu kukimbia, miguu ikakataa.

Alipopinda kona ya mwisho, lango lilikuwa limeshalazwa chini, watu wawili wanalikunja. Meza hazipo. Mama mmoja alikuwa anafagia vikombe. Kwenye ukingo wa barabara, juu ya kreti la maji lililopinduliwa, dada yake alikuwa amekaa, medali shingoni, miguu ameinyoosha mbele, saa ya mama ameishika kiganjani. Hakuwa amekwenda kula na wengine. Alikuwa anatazama upande wa kona, na ilionekana ameutazama muda mrefu.

Fundi akauvuka mstari wa chaki, akasimama mbele yake.

"Dada, wewe umefika saa ngapi?"

"Sita na dakika arobaini na moja. Wameandika. Nimewasimamia wakaandika."

"Na mimi?"

Dada akaisogeza saa karibu na macho. Hakuwa na haraka. Fundi alijua muda wake hadi kwenye sekunde, na bado, alipomwona akiinamia ile saa, alitamani amdanganye. Dakika tano tu. Nani angejua? Mtu na mdogo wake.

"Saa saba na dakika nne," dada akasema. "Umechelewa."

Akaitia saa ufunguo, akaivaa mkononi, akainuka. Alitangulia hatua chache kuelekea nyumbani, kisha akasimama penye kona, akangoja.